Nani Aliumaliza Msitu wa Mau? Kisa cha Waogiek na Deni la Maridhiano

Tarehe 26 Mei 2017, majaji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu walisoma jijini Arusha hukumu ambayo Waogiek wa Msitu wa Mau walikuwa wameingoja karibu miaka minane. Serikali ya Kenya ilipatikana imekiuka vifungu saba vya Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, vikiwemo vile vya umiliki wa mali, dini, utamaduni, maliasili na maendeleo. Mahakama hiyo ilikuwa haijawahi kuamua kesi kuhusu haki za jamii ya asili. Hii ilikuwa ya kwanza.

Tangu siku hiyo kisa hiki husimuliwa kama habari ya ushindi. Wanafunzi wa sheria hufundishwa, mashirika hukitaja kwenye semina, na kila Juni au Mei ikifika kuna mtu anaandika kuhusu maadhimisho yake. Sipingi. Lakini kwa yeyote anayetaka kukitumia kisa hiki kujifunza maridhiano, yaani namna taifa linavyoweza kukaa tena na watu liliowadhulumu, nadhani kuna sehemu mbili zenye mafunzo zaidi ya ushindi wenyewe. Ya kwanza ni aya fupi katika hukumu ya 2017 inayojibu swali la nani aliumaliza msitu. Ya pili ni mambo mawili ambayo mahakama ilikataa kuwapa Waogiek miaka mitano baadaye. Nitafika huko. Kwanza tuwafahamu wenye kesi.

Mahakama iliwakadiria Waogiek kuwa watu wapatao 20,000 hivi, na 15,000 kati yao wakiishi ndani na kandokando ya Mau. Wengine wako Mlima Elgon. Kwa karne nyingi wamekuwa wawindaji na warina asali, na asali ndiyo iliyopanga maisha yao yote. Mzinga wa Kiogiek ni gogo, aghalabu la mtarakwa kwa sababu haliozi haraka, linalopasuliwa vipande viwili, likakombwa ndani, kisha likafungwa tena na kuachiwa tundu la nyuki. Hupandishwa mtini na kupachikwa penye panda la matawi, juu kabisa. Mrinaji hukwea na kienge kinachofuka moshi na mfuko wa ngozi, akiwa juu hufungua gogo, hupenyeza mkono na kukata masega mojamoja. Asali hiyo ni chakula, ni dawa, ni posa kwa wakwe, ni kinywaji cha tambiko, na zamani ilikuwa ndiyo bidhaa ya kubadilishana na majirani Wamaasai na Wakipsigis.

Ardhi nayo iligawanywa kwa kumfuata nyuki. Kila ukoo ulikuwa na eneo lake linaloitwa konoito, na umbo lake halikuwa la shamba tulilozoea. Lilikuwa ukanda mrefu unaoanzia chini kwenye miteremko yenye joto na kupanda hadi nyanda za juu zenye baridi na ukungu. Maua hayachanui kila mahali kwa wakati mmoja. Yakinyauka chini, ya juu ndiyo kwanza yanafunguka, na mrina hupanda nayo. Mipaka ya konoito ilijulikana kwa mito na miinuko, na kuvuka mpaka wa ukoo mwingine na kuvuna mzinga wake lilikuwa kosa la kuitiwa wazee. Hakukuwa na ua wala jiwe la mpaka. Afisa wa ardhi aliyefika na ramani yake aliona msitu mtupu.

Serikali ya kikoloni iliona hivyohivyo. Tume ya Ardhi ya Carter, iliyoteuliwa 1932, iliwaandika chini ya jina la "Dorobo" na ikapendekeza wahamishiwe katika hifadhi za makabila waliyofanana nayo. Makabila mengine yalipewa maeneo, hata kama yalikuwa madogo na mabaya. Hawa waliambiwa wakajibanze kwa wengine. Uhuru ulipokuja, msitu ulikuwa tayari ni mali ya serikali, na serikali mpya iliurithi jinsi ulivyo, pamoja na dhana kwamba mtu aliyemo ndani yake ni mvamizi.

Kabla ya Arusha, Waogiek walijaribu nyumbani. Wale wa Tinet, kusini-magharibi mwa Mau, walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1999 wakipinga kufurushwa, na uamuzi ukatolewa Machi 2000. Walishindwa. Hoja iliyowashinda inafaa kusomwa polepole. Mahakama iliona kwamba watu hawa sasa wanalima, wanajenga shule na maduka, wanaishi kisasa, kwa hiyo hawawezi tena kudai msitu kwa msingi wa uwindaji na kurina asali. Na kwa kuwa wanalima, wanaharibu msitu, basi watoke. Miongo kadhaa watu walifukuzwa msituni, wakazuiwa kuwinda, wakahimizwa kulima na kusomesha watoto. Walipotii, utii wao ukawa ndio ushahidi dhidi yao. Huyo Mkikuyu au Mluo anayefanya kazi benki Nairobi hakuna aliyewahi kumwambia kwamba suti imemvua ukoo wake na shamba la babu yake.

Huku Waogiek wakiambiwa wanaharibu msitu, msitu wenyewe ulikuwa unagawanywa. Katika miaka ya 1990 sehemu za Mau Mashariki, maeneo kama Nessuit na Mariashoni, zilipimwa na kukatwa viwanja. Mpango ulitangazwa kuwa wa kuwapa Waogiek makao, lakini viwanja vingi viliishia mikononi mwa watu wa nje. Kisha mwaka 2001, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi ambao Rais Moi hakugombea, serikali ilitangaza kuondoa makumi ya maelfu ya hekta kutoka misitu ya taifa, na sehemu kubwa ya hekta hizo ilikuwa ya Mau. Kwenye orodha za waliopata walikuwamo maskini wasio na ardhi, ndiyo, na walikuwamo wanasiasa, maafisa wakuu na jamaa zao. Mwaka 1999 ukataji miti ulikuwa umepigwa marufuku, lakini kampuni chache kubwa ziliachwa zikaendelea.

Ukitaka kujua ukubwa wa hasara, fuata maji. Mau ina takriban hekta 400,000 na ndiyo kubwa kuliko misitu yote ya milimani Kenya. Mito ya Njoro na Makalia inaingia Ziwa Nakuru. Sondu unazungusha mitambo ya umeme ukielekea Ziwa Viktoria. Mara unanywesha nyumbu wa Maasai Mara, unavuka kuingia Tanzania na kuwanywesha wa Serengeti, kisha nao unaishia Viktoria. Ewaso Ng'iro ya kusini inafika Ziwa Natron. Ndiyo maana mito ilipoanza kukauka mwanzoni mwa karne hii, kilio kilikuwa cha kweli na cha watu wengi, na mwaka 2009 jopokazi lililoundwa na Waziri Mkuu Raila Odinga likatoa ripoti ya kutaka Mau iokolewe.

Kuokoa kulianza kwa kufurusha. Oktoba 2009 idara ya misitu ilitoa ilani ya siku 30: walio msituni wote watoke. Waogiek waliwekwa kapu moja na wavamizi. Novemba mwaka huohuo mashirika mawili ya haki, la Kenya la CEMIRIDE na la Uingereza la Minority Rights Group, yalipeleka malalamiko kwa niaba yao katika Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, huku shirika la Waogiek wenyewe, OPDP, likishirikiana nao. Tume ilitoa amri ya muda ya kuzuia ufurushaji, serikali haikuijibu ipasavyo, na Julai 2012 Tume ikaipeleka kesi Mahakamani. Mashahidi walisikilizwa Addis Ababa Novemba 2014. Mwaka 2015 pande mbili zilijaribu kupatana nje ya mahakama, zikashindwa.

Serikali ilijitetea kwa hoja kubwa mbili. Ya kwanza: Waogiek si jamii tofauti, ni mchanganyiko wa makabila, na Wakenya wote ni wenyeji. Hoja hii ina historia. Tarehe 13 Septemba 2007, Umoja wa Mataifa ulipopitisha Azimio la Haki za Watu wa Asili kwa kura 143, Kenya ilikuwa kati ya nchi 11 zilizojizuia kupiga kura. Na hoja hii haipuuziki. Wakenya wengi, hata wasiopenda serikali, wanaiamini. Majaji waliijibu kwa kutazama mambo yanayoonekana: waliotangulia mahali hapo, wanaoendeleza desturi zao kwa hiari, wanaojitambua na kutambuliwa na majirani kuwa kundi lao, na waliosukumwa pembeni na mamlaka. Kwa vigezo hivyo Waogiek walikuwa wa asili ya Mau. Walichodai ni kutambuliwa kwa uhusiano fulani na mahali fulani. Uraia wa mtu yeyote haukupungua kwa hilo.

Hoja ya pili ilikuwa ya mazingira: wametolewa ili msitu upone. Hapa ndipo ile aya fupi. Mahakama ilisema serikali haikuleta ushahidi wowote kwamba kuwepo kwa Waogiek ndiko sababu kuu ya uharibifu. Ikaenda mbele: ripoti zilizoandaliwa na serikali yenyewe, au kwa kushirikiana nayo, zilionyesha kuwa chanzo kikuu ni uvamizi wa makundi mengine, ugawaji wa ardhi ya msitu uliofanywa na serikali, na vibali vya kukata miti vilivyotolewa bila busara. Na katika majibu yake ya maandishi, serikali ilikuwa imekubali kwamba kuharibika kwa Mau hakuwezi kubebeshwa Waogiek kikamilifu.

Kwa nini nasisitiza aya hii kuliko vifungu saba? Kwa sababu mpaka leo, ukitaja Waogiek mjini, neno la pili ni "lakini msitu". Mwalimu analisema, mwandishi wa habari analisema, mpiga kura anayejali mazingira kwa moyo safi analisema. Ni shutuma iliyokwisha kujibiwa mahakamani kwa karatasi za serikali yenyewe iliyowashutumu, na bado inatembea kama haijawahi kujibiwa. Watu hawawezi kupatana huku mmoja akiwa bado anamshuku mwenzake kwa kosa ambalo hakulitenda. Kabla ya pesa, kabla ya hati, kuna suala la kusafisha jina.

Baada ya hukumu, serikali iliunda jopokazi Novemba 2017 kutafuta namna ya kuitekeleza. Halikuwa na Mwogiek hata mmoja. Liliongezewa muda na kubadilishwa sura 2018, ripoti yake haikuwekwa hadharani, na hata hekta moja haikutoka.

Kwa hiyo kesi ilirudi Arusha kwa hatua ya fidia, na tarehe 23 Juni 2022 mahakama ikatoa hukumu ya pili. Serikali ilipe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa machungu na madhila, zote ziwekwe katika mfuko wa maendeleo wa jamii wenye wawakilishi wa Waogiek. Serikali itambue rasmi kuwa ni jamii ya asili. Ardhi yao itambuliwe kwa kushauriana nao, ipimwe, iwekewe mipaka na kupewa hati ya pamoja katika muda wa miaka miwili. Penye vibali au mikataba ya kukodisha iliyokwisha kutolewa, wakae na wahusika wajadiliane. Jambo lolote la maendeleo au uhifadhi linalogusa ardhi hiyo lipate ridhaa yao kwanza. Na muhtasari wa hukumu uchapishwe katika gazeti rasmi la serikali na gazeti la kawaida.

Piga hesabu ya pesa. Shilingi 157,850,000 ukizigawa kwa watu 20,000 hazifiki 8,000 kwa kila mmoja, kwa mlolongo mzima wa machungu tangu ukoloni. Kiasi walichokuwa wameombewa na Tume ni dola za Marekani karibu milioni 300. Sitaki kuwa na ukali kwa majaji katika hili. Walipima kwa ushahidi wa thamani walioletewa, na mkataba wenyewe Kenya iliuridhia 1992, kwa hiyo yaliyotangulia hayakuweza kuhesabiwa. Lakini mtu akisema Waogiek walilipwa, ajue kiasi. Uzito wa hukumu ya 2022 uko kwenye ardhi.

Na uko kwenye mambo yaliyokataliwa. Waogiek, kupitia Tume, waliomba serikali iwaombe radhi hadharani. Waliomba pia ijengwe kumbukumbu ya umma ya yaliyowapata. Mahakama ilikataa yote mawili, ikiona kwamba hukumu yenyewe ni kiridhisho cha kutosha.

Nimejaribu kuielewa hoja hiyo, na kisheria inaeleweka: hukumu ni tamko rasmi kwamba mtu amedhulumiwa, na mahakama nyingi za kimataifa huona hilo linatosha. Kimaisha siielewi. Kwetu, mtu akikosewa na jirani, hata chifu akiamua na faini ikatozwa, shauri halijaisha mpaka mkosaji asimame mbele ya wazee aseme kwa kinywa chake. Faini ni ya chifu. Neno ni la mwenyewe. Mahakama iliweza kumlazimisha mdaiwa alipe na apime ardhi, lakini iliona haifai kumlazimisha aseme. Hapo ndipo kazi ilipobaki, na kazi hiyo si ya majaji tena.

Inasaidia kuweka kisa cha jirani kando yake. Mwaka 2024 ulitolewa hadharani uamuzi wa Tume ya Afrika kuhusu Wabatwa waliofukuzwa katika Hifadhi ya Kahuzi-Biega mashariki mwa Kongo. Humo, pamoja na hati za ardhi na fidia, Tume iliitaka serikali ya Kongo iwaombe radhi hadharani. Mkataba ni uleule, kisa kinafanana kama shilingi na ya pili, jibu kuhusu radhi tofauti. Maana yake ni kwamba radhi si jambo geni katika sheria ya bara hili.

Kenya nayo si kwamba haijui kuomba radhi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake kwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013, ikiwa na sura nzima kuhusu jamii za wachache na za asili. Tarehe 26 Machi 2015, akilihutubia Bunge, Rais aliomba radhi kwa niaba yake, ya serikali yake na ya serikali zote zilizotangulia, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 wa kuwafidia waathiriwa. Ilikuwa hotuba nzito na ilipigiwa makofi. Kwa Waogiek ilikuwa na kasoro moja: radhi ya jumla inamgusa kila mtu na haimtaji mtu. Mwaka huohuo wa 2015 mawakili wa serikali na wa Waogiek walikuwa kwenye yale mazungumzo ya mapatano yaliyovunjika.

Kisha ikaja 2023. Julai 2, akiwa Molo, mji ulio kwenye mabega ya Mau, Rais William Ruto alitangaza kuondoa marufuku ya kukata miti iliyokuwepo tangu 2018, akisema miti iliyopandwa na kukomaa isiachwe ioze huku vijana wakikosa kazi. Novemba 2, askari wa misitu, wa wanyamapori na polisi waliingia Sasimwani, eneo la Maasai Mau katika kaunti ya Narok, wakaanza kuzivunja na kuzichoma nyumba za Waogiek. Mashirika yanayoisaidia jamii yalitaja watu wapatao 700 walioachwa nje. Sababu iliyotolewa ilikuwa ileile ya 2009, ileile ya 1999: msitu uokolewe. Miezi 16 tu ilikuwa imepita tangu hukumu ya fidia.

Mtu anaweza kusema miti ya Molo ilikuwa ya kupandwa na ya Sasimwani ni msitu wa asili, kwa hiyo hakuna mgongano. Haya. Lakini mpangilio wa nani anaruhusiwa kuingia na shoka na nani anatolewa na mzinga wake unafanana na wa 1999 mno kiasi kwamba anayewaambia Waogiek "tuaminini" anapaswa kuwa na kitu kingine mkononi zaidi ya maneno.

Kuna tatizo la kisheria pia ambalo hukumu haikulimaliza. Katiba ya 2010, kifungu cha 63, inasema ardhi ya mababu na ardhi iliyokaliwa kimila na jamii za wawindaji na wakusanyaji ni ardhi ya jamii. Kifungu cha 62 cha katiba hiyohiyo kinasema misitu ya serikali ni ardhi ya umma. Ekari moja ya Mau inaweza kuingia kote kuwili, na idara ya misitu husoma 62 huku Mwogiek akisoma 63. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ilitoa njia ya kusajili, ila njia hiyo haifungui lango ambalo idara nyingine inashikilia ufunguo wake. Bunge lingeweza kulitatua. Bado.

Sasa niseme kuhusu majirani, maana maridhiano yanayozungumzwa kana kwamba kuna pande mbili tu, serikali na Waogiek, hayatafika popote. Pale Nessuit na Mariashoni kuna Mkipsigis au Mkikuyu aliyenunua ekari tano kwa pesa za kustaafu au za mkopo, akaonyeshwa hati yenye muhuri, akajenga, akazika wazazi. Mwaka 2020 mapigano yalizuka huko, watu wakafa na nyumba zikachomwa. Katika Maasai Mau, ufurushaji wa 2018 na 2019 uliwatoa maelfu ya walowezi, wengi wao wakiwa na vyeti walivyouziwa na watu waliojua fika kuwa wanauza msitu. Hawa nao walitembea barabarani na magodoro kichwani. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba konoito ya ukoo fulani inapita kwenye kisima chake, atakusikia unamtangazia vita.

Nimeona kisa hiki kikijadiliwa katika vikundi vya kanisa na vya vijana, na kosa linalojirudia ni kila mtu kujiweka mara moja upande wa Mwogiek. Ni rahisi, na hakumfundishi mtu kitu. Inafaa zaidi mwongozaji awagawie watu nafasi nyingine: huyu awe mnunuzi wa ekari tano, huyu askari wa misitu aliyetumwa na kiberiti, huyu mama wa Nakuru mjini anayenunua mtungi wa maji kwa sababu bomba limekauka, huyu mkulima wa Narok anayetegemea mvua ya Mau. Kabla ya kusoma hukumu yoyote, kila mmoja aandike kwenye karatasi jibu la swali moja: nani aliumaliza msitu? Kisha isomwe ile aya. Kelele zitakazofuata ndizo somo lenyewe, na zisikatizwe mapema kwa sala ya kufunga.

Kama kuna Waogiek kikaoni, wasiombwe wafungue kwa kusimulia mateso. Nimeona hili likifanywa kwa nia njema: mzee anainuliwa asimulie alivyochomewa nyumba, watu wanalia, wanapiga makofi, wanakunywa chai. Mzee anarudi alikotoka. Afadhali aulizwe mambo anayoyajua kuliko wote waliomo: mipaka ya ukoo wake iko wapi, miti gani inapaswa kurudishwa, mzinga ukiwekwa kwenye mikaratusi iliyopandwa na serikali asali inakuwaje, jirani aliyenunua kwa nia safi afanyiweje. Juu ya hilo la mwisho Waogiek wenyewe hawana kauli moja, na ni vizuri kikundi kiwasikie wakitofautiana.

Muhtasari ambao mahakama iliagiza uchapishwe nao haungoji serikali. Hukumu ni waraka wa umma. Mwalimu anaweza kuifasiri ile aya, mchungaji anaweza kuisoma, kituo cha redio cha kaunti kinaweza kuirusha kwa Kiswahili, Kikalenjin na Kikuyu saa ya watu kurudi kutoka shambani. Hakuna hekta inayohitajika kwa hilo, wala mpimaji.

Halafu kuna wale ambao hawaalikwi kabisa kwenye vikao hivi. Ripoti ya Ndung'u ya 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria na ikapendekeza hati za namna hiyo zifutwe. Mwaka 2009 serikali ilitoa hadharani orodha ya waliopata ardhi ya Mau, yenye majina ambayo msomaji wa magazeti wa enzi hiyo hakuhitaji kuelezwa ni ya nani. Mnunuzi wa ekari tano ameulizwa, ametolewa, amesamehewa na kulaumiwa. Mwogiek ameulizwa athibitishe hata uwepo wake. Waliotia sahihi ugawaji na waliouza wakaondoka na faida, wengine wangali hai na wanahutubia mikutano ya kupanda miche. Orodha ya wageni wa kikao chochote kitakachoitwa cha maridhiano Mau ianze na hao.